Programu za Simu kwa Watu Wenye Matatizo ya Usemi: Kuzichagua, Kuzijaza Maneno na Kuzizoea

Programu za simu zinazomwezesha mtu asiyeweza kusema, au anayesema kwa shida, kuwasiliana na wenzake zimo katika kundi pana la mbinu ambazo wataalamu huziita mawasiliano saidizi na mbadala, yaani njia zote zinazoongezea nguvu usemi hafifu au kushika nafasi ya usemi usiokuwepo, kuanzia ishara za mikono na kadi za picha hadi kompyuta inayotamka maandishi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 2016 orodha yake ya vifaa saidizi 50 vinavyopaswa kupewa kipaumbele, lilitia humo mbao za mawasiliano na programu za mawasiliano, bega kwa bega na viti vya magurudumu, miwani na fimbo nyeupe, na hivyo kuziondoa katika fungu la anasa. Hata hivyo kifaa kupatikana ni jambo moja na kifaa kutumika ni jambo jingine, kwa kuwa simu nyingi zilizowekewa programu hizi huishia kuchezewa michezo au kurudi mfukoni mwa mzazi, na aghalabu sababu haimo katika programu yenyewe bali katika maneno yaliyowekwa ndani yake na katika mwenendo wa watu wanaomzunguka mtumiaji. Ushauri unaofuata unamlenga mzazi, mwalimu, muuguzi au ndugu anayemhudumia mtu wa namna hiyo, hasa katika nyumba inayozungumza Kiswahili, ambako programu nyingi zilizotengenezwa ughaibuni hufika zikiwa hazijui hata kuamkia wakubwa.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha usemi na lugha, mambo mawili ambayo huchanganywa hata na watu waliosoma. Usemi ni kazi ya pumzi, koo, ulimi, midomo na kaakaa katika kutoa sauti zinazoeleweka, ilhali lugha ni uwezo wa ubongo wa kuelewa maneno na kuyapanga ili yabebe maana, na mtu anaweza kupungukiwa na kimoja huku kingine kikiwa kizima kabisa. Mfano ulio wazi ni mtindio wa ubongo, ambao ni ulemavu wa mwendo na mkao wa mwili unaotokana na dhara lililoupata ubongo kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika siku za mwanzo za maisha. Baadhi ya watoto hawa walidhurika kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na wengine kwa umanjano mkali wa uchanga ambao haukutibiwa mapema; hao wa mwisho mara nyingi husumbuliwa na misuli inayojikunja na kujinyoosha bila wao kutaka, hata ulimi ukashindwa kutulia ili utamke, lakini akili inayosikiliza yaweza kuwa timamu kuliko majirani wanavyodhani. Mtoto wa namna hiyo anahitaji programu yenye maneno mengi, itakayokua pamoja naye, wala hatoshelezwi na visanduku vinne vya chakula, maji, choo na usingizi.

Kwa mtu mzima aliyepatwa na kiharusi hali huwa nyingine kabisa. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa, na ubongo wake ulipochunguzwa baada ya kifo ulikutwa na dhara upande wa kushoto. Uchunguzi huo na mingine iliyoufuata ndiyo iliyodhihirisha kwamba kwa watu wengi lugha hukaa upande huo. Afasia, yaani kuharibika kwa lugha kunakotokana na dhara la ubongo, hugusa pia kusoma na kuandika, na kwa hiyo familia inayomkabidhi mzee wake programu ya kuchapa maneno kwa hoja kwamba alikuwa karani na anajua kusoma huweza kumvunja moyo bure. Kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza upande wa kulia wa mwili, mgonjwa huyo mara nyingi amepooza mkono wa kulia, na wengine hawaoni vizuri vitu vilivyo upande wao wa kulia, jambo ambalo wao wenyewe hawawezi kulieleza. Simu basi iwekwe kwenye stendi mezani, kushoto kidogo mwa kifua chake, ili aiguse kwa mkono mzima bila kulazimika kuishika. Visanduku viwe vichache na vikubwa. Na badala ya michoro zitumike picha halisi za mke au mume, watoto, nyumba, shamba, msikiti au kanisa lake, kwa sababu picha ya mtu anayemjua humwamshia maneno ambayo mchoro wa mtu yeyote tu hauwezi kuyaamsha. Wanaomhudumia watambue pia kwamba neno "ndiyo" na neno "hapana" huweza kumponyoka moja badala ya jingine, na kwa hiyo jibu lake juu ya dawa, maumivu au fedha lithibitishwe kwa kumwonyesha picha mbili achague, kabla halijachukuliwa kuwa ndilo neno lake la mwisho.

Hali nyingine zinahitaji maelezo mafupi zaidi. Watoto wengi wenye usonji, ambao ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na mahusiano, huelewa kinachoonekana kwa macho kwa wepesi kuliko kinachopita masikioni, na ndiyo maana ubao wa picha huwafaa. Wenye kigugumizi kwa kawaida hawahitaji programu za kusemea bali subira ya wasikilizaji na mazoezi ya mtaalamu. Viziwi wanayo lugha yao kamili ya alama, na programu ya picha haipaswi kuchukua nafasi ya lugha hiyo. Kwa sababu hiyohiyo kila mtoto aliyechelewa kusema apimwe masikio kwanza, kabla ya jambo lingine lolote, kwani kipimo hicho huweza kubadili njia nzima ya kumsaidia.

Ipo hofu moja inayowazuia wazazi wengi, nayo ni kwamba mtoto akizoea kubonyeza picha atakuwa mvivu wa kusema. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haina msingi. Mwaka 2006 Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walichapisha mapitio ya tafiti zilizokuwepo, na kati ya watu 27 ambao ushahidi juu yao ulikuwa imara, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemi kwa sababu ya mbinu hizi. Asilimia 89 waliongeza usemi, ingawa ongezeko lenyewe mara nyingi lilikuwa la kiasi. Kinachomchelewesha mtoto ni muda unaopotea kwa kungoja kwamba ulimi utafunguka wenyewe, au kwa kumpeleka akatwe kimeo au utepe wa chini ya ulimi na mtu asiye daktari, tendo lisiloweza kutibu shida iliyomo ubongoni na linaloweza kuleta kutokwa damu na maambukizi. Usemi ukija, uje ukikuta mtoto tayari anajua kwamba maneno yana nguvu ya kuleta kitu, kukataa kitu na kuchekesha watu.

Programu zenyewe zimegawanyika katika aina chache. Aina ya kwanza ni ya visanduku vya picha, ambapo mtumiaji hugusa picha moja au kadhaa na simu ikatamka maneno yake. Proloquo2Go, iliyotolewa mwaka 2009 na kampuni ya AssistiveWare ya Amsterdam, ni miongoni mwa zinazojulikana sana, lakini huendeshwa kwenye vifaa vya Apple pekee na imekuwa ikiuzwa kwa takriban dola 250 za Marekani, kiasi kisichofikirika kwa familia nyingi. Kwa mwenye simu ya kawaida ya Android zipo za bure, kama LetMeTalk na Cboard, na hii ya pili msimbo wake uko wazi na imewahi kupata msaada wa Mfuko wa Ubunifu wa UNICEF. Nyingi za programu za bure hutumia picha za ARASAAC, hazina ya alama zilizochorwa na Sergio Palao na kumilikiwa na Serikali ya Aragón huko Hispania, ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzichapisha maadamu hafanyi nazo biashara, na mwalimu anayetaka kutengeneza kadi za darasa anaweza kuzichukua bila kulipa chochote.

Aina ya pili ni ya kuchapa, inayomfaa anayejua kusoma na ambaye lugha yake haikudhurika: mtu huandika sentensi, simu huisoma. Hapa si lazima hata kutafuta programu maalumu, kwa kuwa tangu mwaka 2023 simu za Apple zina uwezo huo ndani yake, na kwenye Android programu za bure za kusoma maandishi ni nyingi. Aina ya tatu ni ya wale ambao mikono yao haitii. Look to Speak, programu ya bure ya Google iliyotoka mwaka 2020, humwezesha mtu kuchagua sentensi kwa kutazama kushoto, kulia au juu mbele ya kamera ya simu, na simu za Android zinaweza pia kuunganishwa na swichi, yaani kitufe kikubwa kimoja kinachobonyezwa kwa kichwa, goti au ngumi huku visanduku vikijiangaza kimoja baada ya kingine. Mwanafizikia Stephen Hawking, aliyepoteza sauti baada ya kutobolewa koo mwaka 1985, alichagua maneno yake kwa swichi ya mkononi kwa miaka mingi, na mkono ulipochoka kabisa swichi ikahamishiwa kwenye msuli wa shavu, kwa kuwa kinachohitajika ni sehemu moja tu ya mwili ambayo mtu anaimudu kwa hiari yake.

Kwa nyumba ya Waswahili, swali la kwanza la kuiuliza programu yoyote ni kama inatamka Kiswahili bila intaneti. Simu nyingi za Android huweza kupakuliwa sauti ya Kiswahili ya Google kupitia mipangilio ya kusoma maandishi kwa sauti, na kazi hiyo ifanywe mara moja, mahali penye mtandao mzuri, kisha programu ijaribiwe data ikiwa imezimwa, kwa kuwa mtoto hawezi kunyamaza kwa sababu bando limekwisha. Sauti ya Kiswahili isipopatikana, au ikipatikana lakini ikawa inasoma maneno kwa lafudhi ya kigeni, programu nyingi za visanduku huruhusu kurekodi sauti ya binadamu kwenye kila picha. Njia hii ya pili ina faida yake: binti wa miaka minane anaweza kusemewa na dada au binamu wa rika lake, akasikika kama mtoto na si kama mtangazaji wa redio, na akatamka maneno kama yanavyotamkwa mtaani kwao.

Jambo lenye uzito kuliko yote, na ambalo watengenezaji hawawezi kulifanya kwa niaba ya familia, ni uchaguzi wa maneno. Wanaoanza hujaza majina ya vitu: ndizi, kikombe, mpira, kiatu. Majina hayo yana kazi yake, lakini mazungumzo ya binadamu hayaendeshwi na majina ya vitu. Tafiti za Kiingereza zimeonyesha mara kwa mara kwamba maneno mia chache tu, kati ya 200 na 400, hubeba takriban asilimia 80 ya yale ambayo watu husema kila siku, na mengi kati yake ni maneno ya kutaka, kukataa, kuelekeza na kuuliza. Wataalamu huyaita maneno ya kiini, kwa maana kwamba hutumika mahali popote na juu ya jambo lolote, tofauti na neno "ndizi" lenye kazi pale tu palipo na ndizi. Tatizo ni kwamba orodha hizo zilitungwa kwa lugha ambayo maneno yake husimama moja moja, ambapo mtoto hugusa kisanduku cha "mimi", kisha cha "taka", kisha cha "enda", akawa ameunda sentensi. Kiswahili hakiendi hivyo. Mtendaji, wakati na ukanushi vyote huingia ndani ya kitenzi, na programu iliyofasiriwa kwa mashine humpa mtoto "kutaka", "kwenda" na "kula", ambavyo hakuna mtoto wa Tanga wala Mombasa anayevisema hivyo anapoomba kitu.

Dawa yake ni kuviandika vitenzi vikiwa vimekamilika, kama vinavyotoka kinywani. Ukurasa wa kwanza wa ubao wa Kiswahili unaweza kuwa na nataka, sitaki, nipe, nisaidie, naomba, njoo, twende, ngoja, acha, basi, bado, tena, tayari, imekwisha, hapa, pale, hii, huyu, nani, nini, wapi, kwa nini, naumwa na nimefurahi, na hayo machache humwezesha mtoto kuunganisha "sitaki tena", "nipe hii", "twende pale" au "bado, ngoja", sentensi ambazo ni Kiswahili sahihi na ambazo kila mtu nyumbani atazielewa. Nataka na sitaki zikae visanduku viwili vilivyo karibu, kila kimoja na rangi yake, kwa kuwa tofauti ya silabi ya mwanzo na irabu ya mwisho ndiyo inayobeba maana yote. Upatanisho wa ngeli usiwe kikwazo cha kuanzia: mtoto akigusa "hii" huku akionyesha kiti, apewe kiti, naye mtu mzima ajibu kwa kusema "hiki hapa", bila kumsahihisha, kama ambavyo mtoto anayejifunza kusema kwa kinywa huachwa akosee mpaka sikio lake lizoee. Anapokua na kuanza kusoma, unaweza kuongezwa ukurasa wa nyakati, wenye nilienda, nitaenda na sijaenda, na hatimaye kibodi, ili aweze kusema lile ambalo hakuna mtu mwingine aliyelifikiria kabla yake.

Yapo pia maneno ambayo kwa mtazamo wa kigeni ni mapambo, lakini katika maisha ya Waswahili ndiyo mlango wa kuingilia kwa watu. Mtoto asiyeweza kutoa shikamoo huhesabiwa kuwa hana adabu, au hupitwa tu na wageni wanaowasalimu ndugu zake, na mzee aliyepoteza usemi asiyeweza kuitikia marahaba huona kwamba amevuliwa uzee wake. Shikamoo, marahaba, hodi, karibu, pole, asante, salamu za dini ya nyumba husika, pamoja na majina ya watu kama wanavyoitwa hasa, yaani mama, bibi, shangazi, mjomba na baba mdogo, yawekwe katika ukurasa unaofikiwa kwa mguso mmoja. Picha za vyakula na vyombo vya usafiri zilizokuja na programu zibadilishwe kwa picha zilizopigwa kwa simu hiyohiyo, ili uji uwe ni ule wa kikombe chake, na daladala au bodaboda iwe ni ile inayopita barabarani kwao. Wala usisahauliwe utani na manung'uniko: "si haki", "umenidanganya", "nimechoka na nyinyi" ni maneno ambayo kila mtoto huyasema, na anayeyanyimwa hubaki na njia ya kulia na kupiga tu.

Fungu jingine ni la usalama, na hapo wazazi wengi husita kwa aibu. Mtu asiyeweza kusema yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuonewa na kudhulumiwa kimwili, kwa kuwa mwovu hudhani kwamba hatatajwa. Ubao wake lazima uwe na viungo vyote vya mwili, zikiwemo sehemu za siri kwa majina yake ya heshima, pamoja na "usinishike", "ameniumiza", "naogopa", "nataka kumwambia mama" na picha za watu wote wanaokutana naye, wakiwemo dereva, mpishi na walezi wake wa shule. Mtoto afundishwe maneno hayo siku za amani, wakati wa kuoga au wa kuuguza kidonda, kwa kuwa mtu hawezi kujifunza kutumia kisanduku siku ileile anayokihitaji kwa hofu.

Maneno yakishapatikana, nafasi zake zisichezewe. Kidole hukariri mahali kabla jicho halijasoma picha, sawa na anayechapa kwenye kibodi bila kuitazama, na mzazi anayepanga upya visanduku kila wiki ili vipendeze humrudisha mtoto mwanzo kila mara. Njia nzuri ni kuanza na ubao mpana ambao visanduku vingi vimefichwa, kisha kuvifunua kimoja kimoja vikiwa palepale vilipo. Mtoto mwenye mtetemo wa mkono asaidiwe kwa kubadili mipangilio ya ufikivu ya simu, ili mguso uhesabike baada ya kidole kutulia kwa muda, na miguso ya bahati mbaya ipuuzwe. Arifa za ujumbe na simu zinazoingia zizimwe, na programu ibandikwe kwenye skrini, uwezo ambao simu za Android na za Apple zote zinao, ili mtoto asitoke kwa bahati mbaya akaangukia video. Inapowezekana, simu au kishikwambi cha kusemea kiwe ni cha kazi hiyo peke yake, kwani kifaa kinachoshirikiwa na kaka yake anayecheza mpira wa kwenye skrini hakitakuwa naye pale anapohitaji kusema.

Baada ya hapo kazi inawahamia watu wazima, na hapa ndipo mipango mingi hukwama. Mtoto anayesikia husikiliza lugha kwa mwaka mzima, au zaidi, kabla ya kutamka neno la kwanza, na katika muda huo hakuna anayemtaka aseme; lakini mtoto anayepewa programu hutazamiwa aitumie juma lilelile, ilhali hajawahi kumwona mtu yeyote akizungumza nayo. Mama anayesema "twende sokoni" na aguse "twende" kwenye ubao huku akisema, baba anayemwambia "basi, imekwisha" na aguse visanduku viwili hivyo, na mwalimu anayeuliza "unataka nini" huku kidole chake kikipita kwenye picha, hao ndio wanaofundisha, bila kudai mtoto arudie. Akiulizwa swali, asubiriwe kimya kwa sekunde kumi au zaidi, muda ambao kwa anayesubiri ni mrefu mno na kwa anayetafuta kisanduku ni mfupi. Asishikwe mkono na kusukumwa kwenye picha, asiamriwe "sema nataka" kabla ya kupewa chakula ambacho kila mtu anajua anakitaka, na wala asinyang'anywe kifaa kwa adhabu, kwa maana mtoto mwingine akikosa adabu hakuna anayemziba kinywa.

Kwamba kazi hii yaweza kufanywa nyumbani, mbali na hospitali kubwa, ilionyeshwa katika Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, ambako Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao walifanya kazi na walezi wa watoto wenye shida kubwa za mawasiliano, wakiwatembelea nyumbani na kutumia vitu vinavyopatikana pale pale, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba walezi waliona mabadiliko mema katika mawasiliano ya watoto wao. Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha bado ni wachache Afrika Mashariki, ingawa Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya fani hiyo mwaka 2008, na mzazi anayempata mtaalamu hata kwa ziara moja afike na orodha ya maneno ambayo mtoto hujaribu kuyasema, pamoja na video fupi zinazomwonyesha akila, akicheza na akiomba kitu, kwa sababu mtoto aliyeketi mbele ya mgeni katika chumba cha hospitali huonyesha sehemu ndogo tu ya anayoyaweza.

Shuleni, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya mwaka 2022 na baadaye kugawiwa walimu vinaweza, kwa idhini ya mkuu wa shule, kuwekewa programu ya bure ya picha. Mzazi anayekutana na kizuizi anao msingi wa kusimamia: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unazitaja wazi njia saidizi na mbadala kuwa ni sehemu ya mawasiliano, na Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Barua fupi kwa mwalimu mkuu inayotaja haki hiyo, na kueleza kwamba kifaa ni sauti ya mtoto wala si simu ya kuchezea, huwa na nguvu kuliko mabishano ya getini.

Simu huzima, huibwa na huloa maji, na kwa hiyo ubao wa karatasi hauna budi kuwepo tangu siku ya kwanza. Kurasa kuu za programu zipigwe picha ya skrini, zichapishwe kwa rangi zikiwa na mpangilio uleule, ziwekewe plastiki ngumu katika duka la stesheneri, na nakala moja ikae kwenye mkoba wa shule, nyingine kitandani na nyingine kwa jirani anayebaki na mtoto. Ubao wa ndani ya programu nao uhifadhiwe nakala kwenye kadi ya kumbukumbu au barua pepe kila yanapoongezwa maneno, maana familia iliyopoteza simu bila nakala huwa imepoteza pia kazi ya miezi mingi.

Waliobaki ni wale ambao bado wanasema lakini wameambiwa kwamba sauti itaondoka, kama wagonjwa wa neva za mwendo, ugonjwa unaodhoofisha misuli polepole hadi ya koo na ulimi, na wale wanaosubiri upasuaji wa kuondolewa zoloto kwa sababu ya saratani. Kwao muda ndio jambo kuu. Teknolojia ya kutengeneza sauti ya kompyuta inayofanana na ya mtu mwenyewe ipo, na simu za Apple ziliipata mwaka 2023, ambapo mtumiaji alitakiwa kusoma sentensi 150, lakini ilianza kwa Kiingereza, na msemaji wa Kiswahili haimfai kuisubiri huku misuli ikilegea. Kinachowezekana leo kwa simu yoyote ni kurekodi, asubuhi wakati sauti ina nguvu, chumbani pasipo feni wala redio, sentensi nzima ambazo mtu huyo huzisema hasa: anavyowaita wanawe na wajukuu, anavyomwita mkewe au mumewe, salamu zake, dua au sala yake ya kabla ya kula, utani wake na rafiki zake, anavyokemea, anavyocheka, na hadithi anazopenda kuwasimulia watoto. Kila rekodi ihifadhiwe kama faili yenye jina linaloeleza maneno yaliyomo, ili baadaye iweze kuwekwa kwenye kisanduku cha programu, na nakala zikae katika vifaa viwili tofauti. Kazi hiyo ianze juma lilelile daktari alipotoa jibu, hata kama mgonjwa bado anasema vizuri na anaona kwamba ni mapema mno.